Chumvi Iliyobaki Kambini

Tangu kijana amwoe binti yake, baba mkwe hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila "dereva". Dereva, njoo ule. Dereva, mkeo hajambo? Hakuwa na ubaya, mzee wa watu, ila alimtakia binti yake mume wa ofisini, akaletewa mtu wa usukani. Ndiyo maana asubuhi ile, tandala dume alipoanguka kwa risasi na mzee akamshika bega na kusema, "Umeona, mwanangu?", dereva nusura aangue kilio huko huko porini.

Lilikuwa windo la mwisho la mzee. Kibali alikuwa nacho, lakini macho yalikuwa yameanza kumgomea, na daktari alishamwambia asahau bunduki. Kichwa cha tandala huyu kingetundikwa sebuleni, mahali ambapo angeweza kukipapasa hata giza likishamwingia kabisa. Kazi ya kukifikisha nyumbani, pamoja na nyama, akamkabidhi dereva. Nani angefaa zaidi ya mtu ambaye kazini anaendesha lori la jokofu?

Dereva akapanga makasha ya barafu nyuma ya gari kama anafunga mzigo wa kampuni. Mapaja kasha hili, mbavu kasha lile, barafu chini na juu, vifuniko vimebanwa kwa mikanda. Ngozi ya kichwa na shingo, ambayo fundi wa kukausha vichwa alikuwa anaisubiri mjini, aliikunja vizuri, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaizika kwenye barafu. Fuvu lenye pembe akalilaza pembeni, na gunia la chumvi ya kukaushia ngozi halikupata nafasi, akaliacha kambini.

"Ngozi umeipaka chumvi?" mzee aliuliza.

"Nimeipaka, baba."

"Mpaka masikioni?"

"Mpaka masikioni."

Uongo mdogo tu, wa kumtuliza mzee. Chumvi ya nini na barafu yote ile?

Kwenye lango la kutokea porini wakakuta foleni. Jua linachoma, na askari wa wanyamapori anakagua gari moja moja kana kwamba dunia nzima ni yake. Dereva akatazama kioo cha pembeni akaona maji yanachuruzika nyuma ya gari, mengi kuliko yanavyopaswa. Akashuka, akafungua kasha la ngozi, akatia mkono. Barafu ilikuwa imebaki vipande viwili vitatu vinavyoelea. Mfuko wenyewe ulikuwa vuguvugu.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Samaki, kuku, kila alichowahi kubeba maishani hupakiwa kimeshaganda. Hajawahi hata siku moja kupakia kitu chenye joto la mwili. Lile joto alilifungia humo yeye mwenyewe, kwa plastiki, akabana na mikanda juu.

"Acha hivyo hivyo wazi," askari akasema, ameshafika. Akafungua mfuko na kuinua ngozi. Harufu ikawapiga wote. Manyoya ya shavu zima yakabaki kwenye glavu yake.

Mzee alikuwa ameshashuka, anakuja huku mkono wake ukifuata ubavu wa gari. Akaishika ngozi. Manyoya yakatoka na vidole vyake.

"Nyinyi!" akamgeukia askari. "Mmetuanika juani mpaka mali yangu imeoza! Niitie mkubwa wako!"

"Mzee wangu, nisamehe," askari akababaika. "Kweli leo foleni imezidi."

Dereva alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Askari ameshaomba radhi mwenyewe, kesi imeisha.

"Shahidi ninaye," mzee akasema. "Mwanangu, mwambie. Ngozi hii ilipakwa chumvi au haikupakwa?"

Neno hilo, "mwanangu", alilisubiri miaka yote ya ndoa yake, na sasa linamwomba aseme uongo.

"Haikupakwa, baba. Gunia liko kambini. Nilikudanganya. Huyu bwana hana kosa."

Mzee aliendelea kupapasa ngozi mpaka akafika sikioni, akalivuta taratibu, nalo likanyonyoka. Akaiweka ngozi chini.

"Toa plastiki zote," akasema hatimaye. "Nyama ipate hewa kabla nayo haijatuharibikia."

Askari akawasaidia, kisha akaulizia barafu kwa wenzake mpaka ikapatikana. Ngozi ikatupwa kwenye shimo la taka. Fuvu lenye pembe mzee alikataa libaki nyuma, akalipakata mapajani kwenye kiti cha mbele.

Wakaondoka langoni, mzee akipapasa pembe. Dereva alitamani hata atukanwe. Njia ikaanza kuwa mbovu, gari likaruka.

"Dereva," mzee akaita.

"Naam, baba."

"Polepole. Pembe zinagonga kioo."