Viti vya Sabaha

"Zulfa, tope hilo jepesi. Ongeza udongo," Semeni alisema bila kugeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe hadi kwenye kiwiko. Ukuta wa mbele alikuwa ameshaumaliza, sasa alikuwa akipaka wa pembeni kwa kipande cha khanga kuukuu.

Zulfa akakoroga ndoo kwa kijiti. "Mama, nyumba imependeza kinoma."

"Kinoma ndiyo nini?"

"Sana."

"Basi sema sana."

Udongo mweupe alikuwa ameufuata bondeni tangu asubuhi, kwa sababu leo watu wa shirika walikuwa wanakuja kukagua kaya zinazopewa pesa. Ilikuwa Februari ya mwaka 2008, na kule Chunyu, wilaya ya Ruangwa, Februari ni mwezi wa njaa: mihogo imekwisha ghalani na mahindi mapya hayajatoa hata ndevu. Ni mwezi ambao watu huamkiana kwa kifupi, mtu asije akaombwa kitu.

Tangu mwaka uliopita, kila mwisho wa mwezi, Semeni alikuwa akienda shuleni kupokea pesa mkononi. Haikuwa pesa ya kutamba nayo. Mfanyabiashara wa mjini angeweza kuimaliza mchana mmoja kwa chipsi na soda na rafiki zake. Lakini kabla ya pesa hiyo, kila palizi ilipofika, Semeni alikuwa akienda kupalilia mahindi ya Mzee Ramadhan ili jioni apimiwe unga. Akirudi kwake, anakuta shamba lake limemezwa na majani. Basi anavuna kidogo, njaa inawahi, na yeye anawahi tena kwa Mzee Ramadhan. Alizunguka hivyo miaka na miaka, kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Msimu huu alinunua unga dukani kama watu wengine, akapalilia shamba lake mwenyewe. Waliacha kwenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu vinavyomaliza nguvu za mchimbaji kabla hajavila. Mumewe, Seifu, aliyevunjika nyonga alipoangukiwa na gogo, alikuwa akipata vidonge vya maumivu na kulala usingizi wa kweli. Alikuwa ameanza tena mizaha yake ya zamani. Semeni hakumwambia mtu, lakini mizaha ile aliipenda kuliko unga.

Palizi ya pili ilikuwa inaanza. Pesa ikikatwa sasa, palizi hiyo itamkuta tena kwa Mzee Ramadhan.

Hilo alilijua vizuri, na ndiyo maana alimsikiliza kwa makini Kornel, mtendaji wa kijiji, kwenye mkutano. "Wanakuja kuona maendeleo," Kornel alisema, amesimama mbele ya watu na simu yake mkononi. "Atakayekutwa yuko vilevile kama zamani, shauri yake. Msiniaibishe mbele ya wilaya."

Semeni hakutaka kumwaibisha mtu. Pia, na hili kwake lilikuwa kubwa zaidi, hakuwa amepata kuwashukuru watu wa shirika. Mtu amekulishia watoto mwaka mzima, siku anapofika kwako unampa maji na mkeka tu? Alimchinja jogoo pekee aliyekuwa naye. Mchele aliukopa kwa Sabaha, jirani yake, ambaye mumewe alikuwa na duka la chumvi na sabuni. Sabaha naye, kwa ukarimu wake, akaleta viti, meza, sahani za udongo, chupa ya chai na pazia lenye maua.

"Chukua vyote, shoga yangu," alisema. "Mgeni wako ni mgeni wangu."

Seifu alivalishwa kanzu ya kaka yake, akakalishwa kwenye kiti. Alijitazama, akatazama pazia.

"Mama Zulfa, hapa nimekuja kuoa au?"

"Tulia, Baba Zulfa. Usikunje kanzu ya watu."

"Lakini hawa wageni," Seifu akasema, sasa bila mzaha, "si watadhani tunaishi hivi?"

"Watadhani tunawaheshimu," Semeni akajibu.

Wageni walifika jua likiwa kichwani. Walikuwa Kornel na msichana mmoja wa shirika, aliyejitambulisha kwa jina la Agape, mzaliwa wa Moshi. Alikuwa na macho mapole na viatu vilivyojaa vumbi. Aliwaamkia "shikamooni" kwa kupiga magoti kidogo, na hapohapo Semeni akampenda. Nasri, mtoto wa mwisho, alimpanda mapajani kabla hajaalikwa.

Walikula. Agape alimsifu mpishi, akaongezewa paja. Baadaye akafungua mkoba, akatoa karatasi na kalamu, akaomba radhi kwamba lazima aulize maswali.

"Viti hivi ni vya kwenu, mama?"

Sabaha alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Semeni alimtazama. Kumwambia mgeni kwamba kiti anachokalia kimeazimwa ni kama kumwinua. Na kumtaja Sabaha mbele za watu ni kumtia haya kwa wema wake.

"Ni vya hapahapa," akasema.

"Chakula mnapata?"

"Tunamshukuru Mungu, tunapata," Seifu akajibu, kwa sababu Mwislamu hakai mbele ya sahani ya wali akalalamikia riziki.

"Na baba, afya?"

"Sijambo kabisa," akasema Seifu, huku nyonga ikimuuma.

Agape aliandika, na kila alipoandika uso wake ulizidi kung'aa. Mwishowe akafunika kalamu. Alikuwa na furaha ya kweli, hata machozi yakamlenga machoni. "Mama, baba, hongereni sana. Mmefuzu. Kaya yenu imejikwamua."

Kornel akapiga makofi. Semeni naye akapiga. Seifu akapiga, Nasri akafuata, na Sabaha akapiga kigelegele mlangoni.

"Kwa hiyo kuanzia mwezi huu," Agape akaendelea, "nafasi yenu atapewa mwingine mwenye shida zaidi."

Kigelegele kilikatika katikati. Semeni alibaki na viganja vyake vimekutana. Wageni walikuwa wameshasimama, wanaaga, na yeye akajikuta anaitikia "karibuni tena".

Aliwafuata mbio, akawakuta karibu na barabara.

"Mwanangu," akamwambia Agape huku akihema, "vile viti si vyangu. Wala meza. Wala sahani ulizolia."

Agape akasimama. "Mama, mbona hukusema nilipouliza?"

"Ungekaa wapi?"

Msichana yule akaufungua mkoba. Aliitoa karatasi, akaitazama, akairudisha. Akaeleza polepole kwamba yeye hana mamlaka ya kufuta alichokwisha kuandika. Msimamizi wake alikuwa kijiji cha mbele, na leo hii atapita hapa kwa gari akirudi Nachingwea. Atamwomba asimame, aone kwa macho yake. Akikubali yeye, jina litarudi. "Nitamwomba sana, mama. Naapa."

Agape alipotangulia kwenda kusubiri gari, Kornel alimvuta Semeni kando.

"Sikiliza, Mama Zulfa, mimi nakusaidia. Bosi haji kutazama usafi. Kwangua ule udongo. Watoto wavue zile nguo nzuri, wavae matambara. Na mzee mlaze chini, ajifunike, agune kidogo. Wenzako ndivyo wanavyofanya."

Semeni alimkazia macho. "Kwenye mkutano ulisema tuonyeshe maendeleo."

"Ule ulikuwa mkutano," Kornel akasema. "Mambo yakikaa sawa, utanikumbuka hata kwa soda."

Semeni alirudi kwake. Kutoka uani alimsikia Seifu akiwatania watoto kwamba kanzu ya kaka yake imeshiba wali kuliko yeye. Watoto walikuwa wakicheka. Zulfa alikuwa na gauni lililonunuliwa kwa pesa ileile, la kwanza ambalo halikuwa limevaliwa na mtu mwingine. Semeni alimtazama mtoto, akamtazama mumewe aliyenyooka kitini, na akaona hawezi. Kumlaza Seifu chini agune, mtu aliyesumbuka miaka yote ajifunze kukaa tena!

"Sabaha, tusaidiane kuvirudisha vitu vyako," akasema. "Seifu, vua kanzu ya shemeji, vaa shati lako. Wengine kaeni kama mlivyo."

"Na ukuta?" Sabaha akauliza kwa sauti ya chini. Ushauri wa Kornel kwa kaya nyingine alikuwa ameshausikia.

"Udongo nimeuchimba mwenyewe. Siukwangui kwa ajili ya mtu."

Vitu viliporudi kwa mwenyewe, nyumba ilibaki na mkeka, sufuria na vyungu, na kitanda cha kamba. Ikawa nyumba yao hasa, safi, nyeupe, tupu. Kama msimamizi ni mtu wa kuona, ataona.

Kukaa kumsubiri hakumfai mtu mwenye jembe. Shamba lao lilikuwa palepale kando ya barabara, na majani yalikuwa yameanza kuchungulia katikati ya mahindi. Semeni alianza mstari wa kwanza. Seifu akaja na fimbo yake, akakaa chini kwenye udongo, akawa anang'oa majani kwa mkono na kujisogeza kwa makalio.

"Rudi nyumbani, utaumia."

"Nyumbani viti vimeondoka," Seifu akasema. "Nikae wapi?"

Semeni akacheka asitake. Kisha machozi yakamtoka, akayaacha, maana mikono ilikuwa na udongo.

"Wasiposimama," Seifu akauliza, "tunakula nini?"

"Ming'oko."

"Na kwa Mzee Ramadhan?"

"Siendi. Nitachimba asubuhi na kupalilia mchana. Mwaka huu hili shamba silitupi, hata nikilala njaa."

Seifu akasogea mbele kidogo, akaendelea kung'oa.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama gari lilipotokea, jeupe, limefunga vioo. Semeni alisimama, akajifuta mikono kwenye khanga. Gari lilipunguza mwendo kwenye kona. Dirisha la nyuma lilishuka na uso wa Agape ukaonekana. Alikuwa anamwambia jambo msimamizi wake, mwanamume aliyekaa mbele, huku akinyoosha kidole kwenye nyumba. Mwanamume yule aligeuka, akautazama ukuta mweupe ulivyong'aa juani, akatikisa kichwa akitabasamu. Gari likaongeza mwendo.

Agape alipunga mkono. Semeni naye akapunga, kwa sababu binti wa watu hakuwa na kosa. Vumbi likatanda juu ya mahindi.

"Hawasimami?" Seifu akauliza kutoka chini.

"Wameshatuona," Semeni akasema, akainama kushika jembe.