Sahani Safi za Kahiga

Mume wangu Kahiga alikuwa anamaliza chakula na bado anakonda. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku ndugu yake.

Daktari Nerima, kule Nakuru, alikuwa ametuambia wazi: saratani iko kwenye ini, dawa ipo, lakini mwili ukizidi kudhoofika hataianzisha. "Mama, mlishe," akaniambia. Basi nikamlisha. Mukimo wa viazi na mahindi, maharagwe ya njahi, uji wa wimbi, mayai. Sahani zilirudi jikoni kama zimelambwa, na yeye anafunga suruali kwa kamba.

Huyo ndugu yake, Mburu, ana bucha Kikopey. Tangu kaka yake augue, alikuwa anakuja kwetu Gilgil kila mchana na jioni, wakati wa chakula, anaingia chumbani na kufunga mlango. Nilidhani anamletea pombe. Nikanusa vikombe, hakuna kitu. Nikadhani ni mitishamba ya kuharisha. Nikapekua koti lake alipoliacha sebuleni. Nilipata leso na risiti ya mafuta ya pikipiki.

Kilichonishtua ni chai. Siku hiyo akitoka chumbani nilimkaribisha chai na viazi vitamu, akakataa. Mburu! Mtu ambaye hata matangani hupiga foleni mara mbili.

"Nimeshiba, Mama Njoki."

"Umeshibia wapi, na umeingia hapa ukilia njaa?"

"Si nimeshiba tu."

Kesho yake sikubisha hodi. Nilisukuma mlango. Kahiga alikuwa ameketi kitandani, mikono mitupu. Mburu alikuwa na sahani magotini, shavu limejaa mukimo.

"Kumbe mgonjwa ni wewe," nikamwambia.

Akameza kwa shida. "Ni yeye ameniomba. Aki hata mimi nimechoka na njahi."

"Mwache," Kahiga akasema. "Daktari mwenyewe alisema seli za saratani zimebadilika, zinakula sukari kushinda zingine. Ulikuwepo. Na hivi vyakula vyako si vinageuka sukari? Mimi nainyima hiyo saratani. Nikirudisha sahani imejaa utalia, kwa hivyo Mburu anakula."

Daktari alikuwa amesema hivyo, kweli. Lakini alisema pia nimlishe. Nikampigia simu hapo hapo, nikaweka spika.

"Kahiga," Daktari Nerima akasema, "usipokula, mwili unavunja misuli yako na ini linaigeuza kuwa sukari. Saratani inapata tu. Na hizo seli zikikosa sukari, zinajua kutumia mafuta na protini. Anayekosa ni wewe."

Kahiga akatazama mikono yake. "Kwa hivyo bado nilikuwa naipa chakula?"

"Ulikuwa unaipa nyama yako mwenyewe."

Mburu akaweka sahani chini polepole. "Na mimi nimenenepa bure," akasema.

"Dawa ataanza?" nikauliza.

"Mlete wiki ijayo tumpime uzito. Asiposhuka zaidi, tutaanza. Akishuka, siahidi."

Simu ikakatika. Nikamwambia Mburu, "Kesho ukija, lete nyama, na uilete kwangu jikoni. Huku chumbani hukanyagi kabla sijaosha vyombo." Akaondoka bila kubishana.

Nikapakua chakula kingine, nikavuta kiti mpaka magoti yangu yakagusa kitanda. Kahiga akatia kijiko mdomoni, akatafuna, akatafuna.

"Meza."

Akameza.

"Fungua mdomo."

"Mama Njoki, mimi si mtoto."

"Fungua nione."

Akafungua.