Kiti cha Msimamizi Kimeuzwa

Saa mbili kamili asubuhi ya Jumamosi, Kiherehere alipuliza filimbi, na hosteli nzima ikageuka soko.

Jina la Kiherehere alipewa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, naye hakulikataa, maana lilimkaa sawasawa. Ni binti wa kujitolea kabla hajaombwa. Jana yake alikuwa amemaliza mtihani wa mwisho wa chuo, na badala ya kulala siku mbili kama binadamu wengine, alikuwa kwenye ngazi na filimbi mdomoni, akiamrisha wenzake ishirini wabebe magodoro, masufuria na mazulia wayapeleke ukumbini.

Wanafunzi wakihama, jamani, utadhani wanakimbia mafuriko. Pasi nzima, inawaka, imeachwa. Ndoo imejaa vibanio vya nguo. Viatu vilivyovaliwa siku moja vikabana. Mtu mmoja alikuwa ametupa mizani ya kupimia uzito, akabandika na karatasi juu yake: "Inasema uongo." Miaka yote vitu hivyo viliishia kwenye lori la taka. Mwaka huu Kiherehere alimganda Msimamizi wa hosteli wiki mbili mfululizo, asubuhi na jioni, mpaka mzee wa watu akasalimu amri. Vitu viuzwe, na pesa zote ziende wodi ya watoto, kwenye hospitali ya mtaa wa pili, zikanunue viti.

Ndiyo, viti. Miaka mitatu nyuma mdogo wake wa mwisho alilazwa katika wodi ile wiki tatu, na wiki zote hizo mama yao alikesha juu ya ndoo ya buluu iliyopinduliwa, kwa kuwa kando ya vitanda hapakuwa na pa kukaa. Mdogo mtu alipona, na leo hii anapiga kelele kuliko redio. Lakini ile ndoo ilikataa kumtoka Kiherehere kichwani. Fundi seremala wa mtaa wa nyuma alikuwa amekwisha kutengeneza viti kumi na viwili, akasema wazi kwamba hakitoki hata kimoja kabla hajalipwa.

Msimamizi alitoa masharti mawili. La kwanza aliliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, akaligonga muhuri, akalibandika kila ghorofa: KITU CHOCHOTE KITAKACHOKUTWA KORIDONI JUMAMOSI SAA MBILI ASUBUHI NI TAKA NA KITACHUKULIWA. HAKUNA MALALAMIKO. La pili alilisema kwa mdomo, na mdomo wake husikika ghorofa nne: lori la taka litakuja saa sita mchana kama kawaida, na ikitokea vurugu yoyote, kila kilichomo ukumbini kinapanda lori, biashara imekwisha.

"Hakutakuwa na vurugu, mzee," Kiherehere aliapa.

Ilipofika saa nne, ukumbini hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu wa mtaani walimiminika na watoto na vikapu. Debe, rafiki yake wa chumba kimoja, alikuwa amepanda juu ya meza na kofia tatu kichwani, anapiga kelele mpaka mishipa imemtoka shingoni. "Sufuria haina mfuniko, lakini na wewe una nini? Chukua!" Watu walicheka, wakachukua. Ile mizani ya uongo ilinunuliwa na mwanamke mnene aliyepanda juu yake, akasoma, akaikumbatia. Kiherehere alikimbia huku na huku, jasho linamtiririka, anajisikia raha hata miguu haigusi sakafu.

Ndipo sauti ikashuka kutoka ghorofa ya kwanza.

"KITI CHANGU!"

Ukumbi mzima uligeuka. Msimamizi alitokea mlangoni, tumbo mbele, funguo zikilia kiunoni, uso umevimba kwa hasira. Nyuma yake alikuja mama wa usafi na fagio lake la maji, kichwa chini. Mambo yalikuwa hivi: asubuhi ile Msimamizi alikuwa ametoka kununua gazeti, akakawia kwa maongezi mpaka karibu saa tano. Mama wa usafi akaona ndiyo nafasi ya kudeki ofisi, akasukuma kiti koridoni ili sakafu ikauke. Saa mbili na dakika moja, kikosi cha Debe kilipita.

"Debe," Kiherehere alisema taratibu. "Kile kiti cheusi chenye magurudumu, kinachozunguka, kiko wapi?"

"Kile? Kilikuwa cha kwanza kuuzwa!" Debe alijibu kwa fahari, kisha akamwona Msimamizi na kofia zote tatu zikamdondoka. "Mzee, kilikuwa koridoni. Tangazo lilisema..."

"Najua tangazo lilisema nini! Nimeliandika mimi!"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Hata Kiherehere kicheko kilimpanda kooni, lakini Msimamizi aliposhika kiuno akaegemea ukuta, kikashuka chenyewe. Mzee alieleza kwa kifupi, bila kupiga kelele, na hilo ndilo lililowaogopesha: mgongo wake ulipasuliwa mwaka juzi. Kiti hakikuwa cha chuo. Alikinunua kwa akiba yake mwenyewe, na pasipo hicho hawezi kukaa saa nzima.

"Sasa ni saa tano," alisema. "Saa sita lori liko hapa. Kiti changu kisipopatikana, linabeba kila kitu."

Kiherehere aliwaza viti kumi na viwili vya seremala. "Nani amekinunua?"

"Mama mmoja, simjui," Debe alisema. "Mkoba mwekundu. Tumebishana bei mpaka nikataka nimpe na chenji ya kwangu. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Kiherehere alitoka mbio. Msimamizi naye akamfuata, kwa madai kwamba kiti chake kinaijua sauti yake.

Mlinzi wa getini alikuwa amekiona. "Amepita hapa anakisukuma, mkoba umekaa juu yake kama mkurugenzi. Mama mzuri yule. Kaniuliza kama nimekula."

Muuza vocha wa kona aliwaonyesha njia. "Kwenye mteremko kimemtoroka, tukakikimbiza watu watano! Kashukuru, kaniuliza nimekula."

Fundi viatu mbele ya hospitali alikuwa anamenya ndizi. "Ameingia humo ndani," alisema. "Kaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Kanipa ndizi."

Kiherehere alisimama ghafla, Msimamizi akamgonga kwa nyuma. Duniani wapo akina mama wengi wenye mikoba myekundu, lakini aliyezoea kumuuliza hata askari wa barabarani kama amekula ni mmoja tu.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mama yangu."

"Mama yako ameniibia kiti?"

"Amekinunua, mzee. Kwa muhuri wako."

Wodi ya watoto ilikuwa kwenye ghorofa ya chini, mwisho wa ujia. Msimamizi aliingia kifua mbele, akavuta pumzi ya kutosha ghorofa nne, akafungua mdomo. Mwanamke mwembamba mwenye mkoba mwekundu aligeuka akamwekea kidole usoni.

"Kimya!"

Neno hilo Msimamizi alikuwa amewapigia wanafunzi miaka kumi na tisa. Hakuwahi kupigiwa yeye. Mdomo ulibaki wazi, na hewa yote ikatoka bila sauti.

Kando ya kitanda cha nne, kiti cheusi kilikuwa kimelazwa nyuma kwa kishikio chake cha pembeni. Ndani yake amelala mama kijana, binti wa watu wa umri wa Kiherehere, kichwa upande, mtoto mchanga amemlalia kifuani na mpira wa dripu mkononi. Wote wawili walikuwa wanakoroma, mmoja kwa sauti nene na mwingine kwa nyembamba.

"Usiku wa nne huu hajalala," mama yake Kiherehere alinong'ona. "Ni jirani yetu, nilikuja kumjulia hali jana. Nikasema, kesho mwanangu anauza vitu, sitakosa kiti."

"Mama, mbona hukuniambia? Ningekupa bure!"

"Ndiyo maana sikukuambia. Cha bure sikukitaka." Kisha akamtazama Msimamizi. "Na huyu baba?"

"Ndiye mwenye kiti," Kiherehere alisema, akatamani sakafu immeze.

Msimamizi alijaribu kunong'ona. Hakuwa na mazoezi, ikatoka kama filimbi iliyoziba. Alisimulia habari ya mgongo, ya kupasuliwa, ya akiba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonea huruma kweli, akatazama huku na huku amtafutie pa kukaa. Kilichokuwepo kilikuwa ndoo ya buluu, imepinduliwa.

"Kaa hapo, baba, upumzishe mgongo."

Msimamizi alikaa. Ndoo ililia. Alikaa wima, akainama, akajaribu upande wa kushoto, akajaribu wa kulia. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika kumi. Alitazama wodi, mama mmoja baada ya mwingine, huyu sakafuni, yule juu ya beseni, yule amesimama ameegemea chuma cha kitanda. Jasho likamtoka.

"Hivi wewe," alimwuliza mama, maana habari ya ndoo Kiherehere alikuwa amemwimbia wiki mbili, "ulikaa juu ya hii siku ngapi?"

"Wiki tatu. Na siku mbili."

Mzee alitoa simu mfukoni, akampigia dereva wa lori, akiwa bado ananong'ona.

"Nani mwenzangu?" dereva alisikika akipiga kelele upande wa pili. "Mzee? Unaumwa? Uko hospitali?"

"Niko hospitali, lakini siumwi. Nisikilize. Ukumbini usiguse kitu. Gari lioshe. Lioshe vizuri kabisa. Jioni utapita kwa fundi seremala ubebe viti."

Mama kijana aliamka kwa ile kelele ya simu, akaona baba mwenye funguo, akashtuka, akaanza kuinuka. Msimamizi alimpungia mikono yote miwili. "Kaa, kaa, mwanangu! Kaa!" Kisha akataka kuinuka yeye, ikashindikana. Kiherehere alishika mkono mmoja, mama akashika mwingine, wakavuta, ndoo ikaja naye. Wodi nzima ilikuwa imeziba midomo kwa viganja, mabega yanatikisika, na kilichofuata kilikuwa kicheko cha watu wanaojitahidi kwa nguvu zote wasiamshe watoto. Msimamizi mwenyewe alilia machozi.

Saa kumi na moja jioni lori la taka lilisimama mbele ya hospitali, linang'aa kama halijawahi kubeba taka. Mchana kutwa Debe alikuwa ameuza mpaka meza aliyopanda, ikabidi airudishe, maana ilikuwa ya chuo. Pesa za seremala zilitimia, viti kumi na viwili vikashushwa, na manesi wakavipanga kando ya vitanda. Mama kijana akachagua cha seremala, akasema kile kikubwa kinamlaza mno mpaka anasahau kumnyonyesha mtoto. Kwa hiyo kiti cheusi kikabaki pale, kikisubiri mwenyewe atume mtu kukichukua.

Kiherehere alikisukuma taratibu mpaka nyuma ya mama yake, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi. Mama ndiye aliyekisukuma kiti kile barabara nzima, mteremko na mlima, bila kukikalia hata mara moja.

"Kaa, mama."

"Aa, mimi nimezoea."

"Kaa."

Mama alikaa. Aliegemea kidogo kidogo, kama asiyeamini kwamba kuna kitu nyuma cha kumzuia. Miguu ikanyooka. Macho yakajifumba. Kiherehere alichuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Mama," alisema, "umekula?"

Mama alifungua macho, akamtazama. Wiki tatu na siku mbili juu ya ile ndoo, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Bado," alisema, na machozi yakamwagika.