Itifaki Imezingatiwa

Dativa alifika chuoni jioni hiyo akiwa hoi. Kutwa nzima alikuwa kwenye mashine ya mpunga akipepeta, na mwanawe Eveline, aliyekuwa anaota meno, hakuacha kulia mgongoni. Hata hajakaa, Mwalimu Gosbert akamwita mezani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimesoma insha yako ya mafuriko ya Kilombero. Nzuri mno, ndiyo maana nina mashaka. Nieleze hapa mwanzoni." Akasoma, darasa zima likasikia: "'Waandishi wote ambao maneno yao nimeyatumia humu, itifaki imezingatiwa.'"

Darasa likaangua kicheko. Tekla, anayekaa naye dawati moja, akadakia, "Na meza kuu je, umeisalimia?"

Dativa akainamisha kichwa. Hakuwa ametania. Harusini, kwenye mikutano ya kijiji, msemaji akiona wakubwa ni wengi husema hivyo hivyo, na hakuna anayenuna kwamba hakutajwa. Alidhani na kwenye vitabu ni vivyo hivyo: heshima ikishatolewa kwa jumla, imetosha.

"Huku haitoshi," Mwalimu akasema, naye sauti imechoka. "Ukichukua maneno ya mtu, mtaje palepale: nani, kitabu gani, mwaka gani. Usipomtaja umeiba. Mwizi anapata sifuri, na sifuri ni kurudia mwaka."

Kurudia mwaka! Mumewe, Melkiori, alishasema amechoka kula kiporo kila jioni. Mwaka huu ukiisha, masomo basi.

"Mwalimu, naomba nirekebishe. Kweli sikujua."

"Kabla kipindi hakijaisha."

Akaenda kukaa. Tekla, kicheko kimemwisha, akanyoosha mikono kumpokea Eveline. "Lete huyu bibi. Wewe andika, mwenzangu."

Dativa akaanza kutia alama za kunukuu na kumtaja mwandishi mmoja mmoja. Kila alipowarudishia wenyewe maneno yao, insha ikazidi kumkimbia. Mwisho akabaki na aya moja tu ya kwake: siku maji yalipoingia shambani kwao Mchombe, mama yake akasimama kwenye maji ya kiunoni, akikata masuke ambayo hayajakauka na kuyabeba kichwani.

Akaipeleka mezani. Mwalimu akasoma yote, kisha akairudia ile aya.

"Hii ya nani? Hujataja mtu."

"Yangu. Nilikuwepo."

"Mbona umeitupa huku mwisho?"

"Haimo kitabuni, Mwalimu."

Mwalimu akavua miwani, akafikicha macho. "Ya watu mengi, yako machache. Lakini safari hii nayajua yapi ni yapi. Utapita kwa kuchechemea."

"Nitapita?"

"Nimesema kwa kuchechemea, Mama Eveline."

"Nimesikia, Mwalimu. Asante."

Akampokea mtoto kwa Tekla, ameshalala, akamfunga mgongoni taratibu asije akaamka. Mgongo ulimuuma. Akakaa dawatini, somo la pili lilikuwa linaanza.