Asiyeshika Zambarau

Kila asubuhi mpimaji alianza kazi vilevile: anapaka makohozi ya mgonjwa kwenye kioo, anayaacha yakauke, anapitisha kioo juu ya moto ili vijidudu vishikamane, halafu anakimwagia rangi ya zambarau. Bila rangi vijidudu vimo, ila huvioni. Baada ya zambarau anatia iodini ya kuikaza, kisha anaosha kwa spiriti. Vipo vinavyoshika zambarau hata uvioshe vipi. Visivyoshika hupakwa nyekundu mwishoni, visije vikapotea.

Mpimaji mwenyewe alikuwa haonekani. Hakuamka siku moja akajikuta hivyo, la. Ilikuja polepole, kama sabuni inavyoisha. Kwanza wenzake waliacha kumsalimia, kisha wakaanza kuweka mikoba yao kwenye kiti chake naye amekikalia. Sauti nayo ikafuata. Kwenye kikao cha kupangiana likizo alikaa mstari wa mbele, mkono juu, na mkuu wa maabara akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo." Wakacheka, kikao kikafungwa. Kilichoonekana ni majibu yake tu.

Nyumbani hakukuwa na wa kumwona wala wa kutomwona. Upweke ulimuuma, tusidanganyane. Alikuwa akiacha redio ikiongea hadi usingizi umchukue.

Ndipo binti yake akatuma ujumbe: "Jumapili nakuja kuaga, nimepata kazi mbali. Safari hii usinikimbie, mama. Kila nikija sikukuti."

Mpimaji alitaka kumwambia jambo moja tu, uso kwa uso: nichukue, mwanangu, nikaishi nawe. Basi akafanya alichokijua. Akabeba zambarau na iodini kutoka maabara; spiriti alikuwa nayo nyumbani. Nyekundu hakubeba. Nyekundu ni ya visivyoshika, na yeye alikuwa na hakika atashika.

Jumapili akajipaka uso, shingo na mikono. Hatua ya moto aliiruka, maana na yeye ana akili zake. Kwenye kioo cha ukutani akatokea mwanamke mzima, amezeeka kuliko alivyomwacha. Akamwamkia.

Binti alipoingia alimwona hapohapo.

"Jamani, mama! Madoa gani haya?"

"Rangi ya kazini tu. Keti, mwanangu. Nina neno nataka kukwambia."

"Utaniambia. Ngoja kwanza nikusafishe, hata picha hatuwezi kupiga hivi. Spiriti si unaweka chini ya sinki? Wewe mwenyewe ulinifundisha, doa la zambarau halisikii maji."

Akavuta kiti, akachovya pamba, akaanza na mikono. Mpimaji alikuwa hajaguswa na mtu muda mrefu mno. Kiganja cha binti kilikuwa na joto, kimemshika kidevu vile yeye alivyokuwa akimshika zamani akimpangusa kamasi. Akajisemea, acha amalize shavu hili, ndipo nimwambie. Mikono ilikuwa imeshakwenda. Acha amalize na la pili. Binti alikuwa akisimulia nyumba atakayohamia, vyumba viwili, kimoja hana hata wa kumweka. Mpimaji akafungua mdomo, na pamba ikapita kwenye midomo.

"Haya, umetakata," binti akasema, akainuka kwenda kutupa pamba. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu.

"Mama? Ndiyo ushaondoka tena?"

Akamimina chai vikombe viwili, akanywa chake, akangoja. Machozi yalimlengalenga.

"Ndivyo alivyo," akasema. "Kazi kwanza, mimi baadaye."

Mama yake alikuwa palepale kitini, akimjibu.

Binti akachukua mkoba wake, akafunga mlango taratibu. Mpimaji akanywa chai yake, imeshapoa.

Jumatatu majibu yote yalitoka kwa wakati, na mkuu wa maabara akasema idara yake siku hizi inajiendesha yenyewe.