Upande wa Kushoto wa Bi Mkubwa

Bisibisi ilizama. Mama Sabuni hakuisukuma kwa nguvu, aliigusisha tu kwenye chuma, nayo ikaingia mpaka kwenye mpini kama inaingia kwenye mkate uliolowa. Akaichomoa. Chenga za kutu zikammwagikia usoni, akatema, akafuta macho, akajaribu tena shubiri moja mbele. Ikazama tena.

"Toba!" alisema, amelala chali chini ya lori, na hakuna aliyemsikia.

Lori lenyewe ndilo Bi Mkubwa, lori la baba yake, kongwe kuliko Mama Sabuni mwenyewe, ambalo maisha yake yote limebeba chumvi. Mwaka jana baba alipigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, maneno yakamwisha yote, na lori likabaki mikononi mwa binti. Sasa Jumatatu lilikuwa na ukaguzi. Mkaguzi akikuta chesisi imeoza, ile mihimili miwili ya chuma inayobeba lori zima, basi tena, Bi Mkubwa anaondolewa barabarani na kukatwakatwa chuma chakavu.

Na baba je? Kila asubuhi akimnywesha chai, Mama Sabuni humwambia, "Bi Mkubwa hajambo, baba." Hapo mzee hunyanyua mkono wake mzima, huchoma kidole juu hewani, hukizungusha, hukivuta chini. Na tena. Na tena. Shangazi, anayejua kila kitu, alishatoa hukumu siku nyingi: masikio yanamwasha. Basi kila jioni mzee anasafishwa masikio, anatiwa mafuta ya vuguvugu na kuzibwa kwa pamba, apende asipende.

Lakini kilichomvuruga akili Mama Sabuni siku ile si kutu. Kutu anaijua. Ni ule upande. Alijiburura mpaka kulia, akachoma bisibisi kwenye mhimili wa huko, ikagonga chuma kizima: ngo! Akachoma kwingine. Ngo! Akarudi kushoto. Ikazama.

Jamani, upande wa kulia ndio uliokuwa umemwaibisha! Hakuitwa Mama Sabuni bure, huyu mwanamke anaosha hata kisichooshwa. Alipokabidhiwa lori tu, aliingia chini yake na pampu ya maji, akakwangua, akaziba kila tundu kwa puti, akapaka rangi nyeusi mara mbili. Upande wa kushoto ukaitikia vizuri, ukang'aa mpaka madereva wenzake wakainama kuutazama. Wa kulia ukagoma. Huko Bi Mkubwa alikuwa akivuja oili tangu enzi na enzi, na baba hakujali kuziba, kwa hiyo chuma kilikuwa kimeshiba mafuta. Aliziba uvujaji, lakini mafuta hayakubanduka. Puti ikadondoka yote ndani ya wiki moja. Rangi ikabambuka. Alilia kwa hasira, nasema kweli, alilia machozi.

Leo kizuri kimeoza na kibaya kizima. Sasa hii ni hesabu ya wapi?

Alimuuliza muuza vipuri wa jirani. "Chumvi hiyo," akasema muuza vipuri bila kuinua macho. Haya, chumvi. Lakini chumvi inabebwa pande zote mbili! Alimuuliza shemeji yake, mume wa dada yake. Shemeji akakunja mikono, akasema lori linaegeshwa penye mteremko, maji yanaelemea kushoto. Mama Sabuni akaweka beseni la maji uani, wakalitazama wote wawili. Maji yakatulia sawasawa. Shemeji akakumbuka ana safari.

"Ni jicho la watu, mwanangu," shangazi akasema.

"Shangazi, jicho nalo linachagua upande?"

"Linakaa panapopendeza. Si umesema kushoto ndiko kulikopendeza?"

Ukweli ni kwamba kwa dakika nzima Mama Sabuni aliamini, maana hakuna mwingine aliyekuwa amempa jibu linaloeleza upande.

Ijumaa akaja fundi wa kuchomelea, anayeitwa Cheche, mtu wa maneno machache na nyusi zilizoungua. Hakuuliza kitu. Aliingia uvunguni na nyundo ndogo, akagonga na kusikiliza, akagonga na kusikiliza, Mama Sabuni akiwa pembeni yake. Kisha akachukua bisibisi, akaanza kuchokoa puti chini ya mhimili wa kushoto.

"Ebo, fundi! Ndiyo kwanza nimepaziba hapo!"

Puti ikang'oka. Maji ya rangi ya chai yakachuruzika kwenye mkono wa Cheche mpaka kwenye kiwiko. Akayagusa kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema. "Nani aliziba haya matundu?"

"Mimi. Nilijua ni ya kutu."

"Ni ya kiwandani, dada. Hiki chuma ndani ni kitupu. Maji ya chumvi yanaingia kwa juu, yanatokea hapa. Wewe umemziba, umempaka rangi, yamekaa humo mwaka mzima yanamla kwa ndani."

"Na kulia?"

"Kulia puti si ilidondoka? Matundu yakabaki wazi. Na yale mafuta nayo yamemkinga kwa nje."

Mama Sabuni alimtazama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Yaani nilivyomtunza ndivyo nilivyomharibu? Na nilikoshindwa ndiko kuzima?"

"Ndiyo."

"Fundi, mbona sielewi?"

"Umeelewa. Hujapenda tu."

Cheche akazibua matundu sita, sawa na sita ya kulia. Kipande cha mbele kilikuwa kimekwisha, lakini alisema kinakatika na kuwekwa kipya kabla ya Jumatatu, bora tu nyuma kuwe na chuma cha kushikia. Akagonga nyuma, karibu na tairi la akiba. Sauti ikatoka nzito. Akakunja uso.

"Huku bado kuna maji, nayasikia. Lakini tundu silioni, na kulia hakuna tundu mahali kama hapa. Siwezi kutoboa ovyo kwenye chesisi, mkaguzi atanirudisha. Na siwezi kuchomelea bila kujua humu ndani pakoje." Akafuta mikono. "Mzee wako alikuwa akizibua na nini? Lazima alikuwa na kitu, kama waya hivi. Mwenye lori la chumvi hufanya hivi kila akishusha mzigo."

Akachoma kidole juu, akakizungusha, akakivuta chini.

Mama Sabuni alikikodolea macho kile kidole. Cheche akamuuliza kama anaumwa, lakini alikuwa ameshaanza kukimbia.

Waya aliujua. Ulikuwa umening'inia chini ya usukani siku ya kwanza, mrefu, umepinda ncha, na yeye kwa usafi wake akautoa, akafungia mlango wa banda la kuku. Aliufungua, kuku wakatawanyika uani, akaingia nao chumbani kwa baba na matope yake yote, akapiga magoti mbele ya kiti chake cha magurudumu.

"Baba. Ni hiki?"

Mzee aliutazama waya. Akamtazama binti. Kifua kikaanza kumpanda na kushuka, na sauti ikamtoka, nusu kicheko nusu kilio, sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa mwaka mzima.

"Nilikuwa nakudanganya," Mama Sabuni akasema, machozi yanamtiririka. "Bi Mkubwa hakuwa hajambo, baba. Nilimziba. Kuna tundu hatulioni."

Akamsukuma mpaka uani, penye lori. Mzee alishika waya kwa mkono wake mzima, akaunyoosha chini ya lori, nyuma ya kishikio cha tairi la akiba, pale ambapo yeye mwenyewe, miaka hiyo, alikuwa ametoboa tundu lake. Cheche akapenyeza mkono, akakwangua rangi, akakwangua puti. Kisha akauchukua waya, akachoma, akazungusha, akavuta.

Maji yakamwagika mengi, meusi, yakafanya dimbwi mpaka kwenye magurudumu ya kiti. Yalipokwisha, Cheche akagonga na nyundo. Ngo! Akagonga tena kwa kuhakikisha. Ngo!

"Pazima," akasema. "Nakata kipande cha mbele leo hii. Jumatatu mnaenda."

Shangazi alikuwa ametoka na bakuli lake la mafuta, maana saa ya masikio ilikuwa imefika. Akasimama mlangoni, akatazama waya, akatazama kidole cha kaka yake.

"Kwa hiyo masikio..." akaanza.

"Mwaka mzima alikuwa ananiambia, shangazi," Mama Sabuni akasema. "Kila siku alikuwa ananiambia."

Mzee akainua mkono wake polepole, akachomoa pamba sikioni, akamkabidhi dada yake.