Uso wa Mateka kwenye Dinari

Asubuhi ya siku ya soko, Zia alichota maji ya kupozea vyuma katika karakana ya sarafu ya Roma, akajitazama ndani ya ndoo, akaona unyusi wa kushoto umefutika. Wiki iliyotangulia ilikuwa pua.

Sababu aliijua. Mchongaji Eutiko alikuwa amemkalisha juu ya rundo la ngao, mikono nyuma, akamchonga katika muhuri wa chuma wa kupigia sarafu: mwanamke mateka wa Dakia, nchi yake iliyoshindwa vitani, akilia. Upande wa pili, Kaisari na shada lake. Dinari zikamiminika mitaani. Wauza samaki walizisugua kwa dole gumba, askari walizichezea kamari, na kadiri zilivyochakaa, Zia naye alichakaa.

"Nichonge upya," alimwambia Eutiko. "Leo naenda kisimani kumwona mwanangu. Atanijuaje?"

"Kaisari naye anasuguliwa. Umemsikia akilalamika?"

"Kaisari anachongwa upya kila mwaka!"

"Basi kawe Kaisari."

Mafundi wa nyundo walicheka hadi wakakosa pigo.

Kisimani, Sinna, mtoto wa miaka tisa aliyeuzwa kwa dobi mmoja, alirudi nyuma na mtungi wake. "Usinishike, we bibi! Namngoja mama." Akafungua kiganja. Alikuwa na dinari mpya aliyotumwa nayo dukani. "Mama yangu ni huyu."

Zia alirudi karakanani, akachukua nyundo, akaupasua ule muhuri.

Msimamizi aliamuru apigwe viboko thelathini. Vilipokwisha, alimuuliza Eutiko muhuri mwingine utakuwa tayari lini.

"Nitamtazama nani, bwana? Huyu usoni hamna kitu tena."

"Si ana binti?"

Dobi hakubishana na karakana ya Kaisari. Kesho yake Sinna alikalishwa juu ya ngao, akafungwa mikono nyuma. Zia alikuwa akichochea tanuri, hatua tano kutoka hapo.

"Mama yuko wapi?" mtoto aliuliza.

"Niko hapa, mwanangu."

Sinna aliifuata ile sauti kwa macho, akaitambua. "Basi nifungue."

"Shingo kulia," alisema Eutiko. "Na ulie vizuri, usikunje mdomo."

Dinari zilitoka safi, machozi yakahesabika. Zilipoanza kwenda sokoni, Zia alimzoesha bintiye kuitika anapoitwa, wajuane kwa sauti tu.